Mjomba, Dola Mbili na Yule Mtu wa Kushoto

Meseji iliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye grupu la familia, lile tulilolifungua kwa ajili ya michango ya harusi ya binamu, harusi ikaisha grupu likabaki. Mjomba ndo anaamkaga kabla ya wote, anakata majani ya ng'ombe, anakunywa chai, af anaanza kututumia vitu. Siku hiyo katuma picha ya mgongo wa noti ya dola mbili ya Marekani, kuna duara jekundu limechorwa kuzunguka kichwa cha jamaa mmoja upande wa kushoto, na maandishi ya herufi kubwa: HUYU NI JOHN HANSON RAIS WA KWANZA WA MAREKANI ALIKUWA MTU MWEUSI WAKAMFICHA. TUMA KWA WATU KUMI.

Mama akajibu amina. Mama anajibu amina kila kitu, hata tangazo la kukatika maji.

Kwa kawaida ningepita tu, maana zinakuja kumi kwa siku na bando ni langu. Ila hii ilinishika kwa sababu Mjomba hiyo noti anayo. Simaanishi picha, anayo noti yenyewe. Miaka ya tisini alikuwa mgumu, ndo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani kule kwetu Marangu, anabeba mizigo ya wageni hadi Horombo hadi Kibo, na mwaka 1998 mzee mmoja wa Kimarekani alipomaliza kugawa tipu kwa wote akamvuta Mjomba pembeni akampa noti moja imekunjwa vizuri, akamwambia hii ina bahati, usiitumie. Sa Mjomba hakuwa na mpango na bahati, alikuwa na ada ya mtoto. Akaipeleka duka moja la kubadilisha hela mjini, dada wa dirishani akaigeuza mara mbili, akairudisha chini ya kioo, akamwambia baba hawa hawana dola mbili, umepigwa. Wa foleni ya nyuma wakacheka. Mjomba mpaka leo akisimulia anaiga kile kicheko.

Na haikuwa feki. Ni noti halali kabisa, sema Wamarekani wenyewe hawaitumiagi, wengine wakipewa wanaiweka kama ukumbusho. Waliacha kuichapa mwaka 1966, wakairudisha tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa ya Thomas Jefferson ambaye sura yake ndo iko mbele, kwenye shamrashamra za miaka 200 ya taifa lao. Mgongoni zamani kulikuwa na nyumba ya huyohuyo Jefferson, inaitwa Monticello, mwaka huo wakaitoa nyumba wakaweka picha ya watu. Watu wengi. Ukumbi umejaa wazee wenye soksi ndefu, na hapo ndo ishu ya Mjomba ilipo.

Mi nafanya kazi za chapa. Nina kasteshenari kadogo Sinza, kadi za harusi, kalenda, vitambulisho, ila kinachonilipa hasa ni kusafisha picha za zamani, mtu anakuletea picha ya 1974 imeliwa na mende nusu anataka uirudishe. Kwa hiyo ninayo ile lenzi ndogo ya kukagulia wino, unaiweka juu ya karatasi unainama na jicho moja. Desemba tulipopanda nyumbani, maana Wachagga si unatujua, nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili ya Krismasi, watu wameshiba, nikamwambia Mjomba niletee ile noti. Akaingia ndani akarudi na Biblia, noti iko katikati ya Zaburi, imenyooka kama imepigwa pasi. Nikaiweka mezani, tukasukuma sahani pembeni, nikainama.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wote ni wa kijani. Nacheka lakini niko serious, huo mgongo umechapwa kwa wino mmoja tu wa kijani, hakuna mweupe hakuna mweusi, kuna karatasi na kuna kijani. Na ule wino haukumwagwa kama rangi, ni mistari. Mchongaji amekaa na bamba la chuma akachonga mistari myembamba kuliko unywele, uso wenye mwanga ameuachia mistari michache imeachana, uso wa kivulini amebananisha mistari. Basi. Na kichwa kizima cha mtu kwenye hiyo noti ni kama punje ya ulezi, sa ndani ya punje ya ulezi uweke macho, pua, mdomo na kivuli, mstari mmoja ukizidi unene mtu kabadilika. Kwenye kazi yangu nakutana nalo kila wiki, unamfotokopia mtu kitambulisho, mweupe anatoka mweusi, mweusi anatoka doa.

Nikamuona wa Mjomba. Ni kweli bwana, siwezi kusema uongo, yuko pale kushoto kwenye kundi la waliokaa na uso wake umeiva kuliko wa jirani zake. Ukiwa na hamu ya kumuona mtu mweusi, unamuona. Hata mi nilimuona.

Nikamwambia Mjomba, noti hii ni nakala, kuna picha mama. Ukitaka kumjua mtu kwenye nakala usibishane na nakala, katafute ilikotoka. Mjomba akasema haya, kaitafute. Nikawasha data.

Picha mama iko Washington, kwenye jengo la bunge lao, ndani ya ule ukumbi wa duara chini ya kuba. Ni ya mafuta, futi 12 kwa futi 18, yaani huiweki sebuleni hata ukibomoa ukuta. Aliichora John Trumbull, jamaa aliyepigana kwenye vita yao ya uhuru na kwa muda mfupi akawa msaidizi wa George Washington jeshini, na alikuwa anaona kwa jicho moja tu tangu utoto. Bunge lilimpa kazi 1817, picha nne kwa dola 32,000, hii ikatundikwa pale 1826 pamoja na wenzake. Inaitwa Azimio la Uhuru, jina la lile tamko lao la kujitoa kwa Mwingereza. Watu wengi wanadhani inaonyesha watu wanasaini tarehe 4 Julai 1776. Siyo. Hakuna anayesaini hapo. Ni tarehe 28 Juni, kamati ya watu watano imesimama mbele ya meza kumkabidhi mwenyekiti rasimu ya kwanza, aliyekaa mezani ni John Hancock, na waliosimama ni John Adams aliyeshika kiuno, Roger Sherman, Robert Livingston, Jefferson mrefu anayeweka makaratasi, na Benjamin Franklin. Wengi wao walisaini mwezi wa nane, na hawakuwahi hata siku moja kukaa wote kwenye chumba kimoja vile walivyochorwa.

Hapo nikaanza kumpenda huyu Trumbull, maana kazi yake naijua. Ni kazi yangu. Wateja wangu nusu wanakuja na picha tano tofauti wanasema kaka tuunganishie tuonekane tulikuwa pamoja, babu muweke katikati, huyu shemeji mtoe waliachana. Trumbull alifanya hivyohivyo kwa miaka na miaka. Alianza kuichora Paris 1786 akiwa mgeni nyumbani kwa Jefferson, Jefferson akamchorea ramani ya chumba kwa kukumbuka kichwani, na akakumbuka vibaya, milango ikakaa siyo. Af akaanza kuzunguka kuwafuata wazee mmojammoja, huyu Boston, huyu London, anawachora sura wangali hai. Waliokufa akatafuta picha zao. Benjamin Harrison wa Virginia alikuwa ameshafariki, Trumbull akamkalisha mtoto wake kwa sababu walifanana. Stephen Hopkins, yule mzee anayeonekana amesimama nyuma na kofia kichwani, sura ni ya mtoto wake Rufus. Sa we niambie, mimi juzi mama mmoja kaniambia babu hana picha hata moja ila baba mdogo amemfanana, mchukue baba mdogo mzeeshe kidogo. Nikajiona najiibia, kumbe nafuata mila za wakubwa.

Kwa jumla kawaweka watu 47. Arobaini na wawili ni waliosaini, kati ya 56 wote, na watano hawakusaini kabisa, yumo John Dickinson aliyekataa, yumo katibu wao Charles Thomson kasimama pembeni ya Hancock, wamo George Clinton, Livingston niliyekutajia, na mfanyabiashara mmoja anaitwa Thomas Willing, huyo mshike, tutarudi kwake. Ilipopunguzwa kuingia kwenye noti baadhi ya wa pembeni wakakatwa. Kuna mbunge mmoja enzi hizo, John Randolph, aliiangalia picha akasema hii ni picha ya miundi, kwa wingi wa miguu iliyoonekana mle. Mi ningemwajiri huyo kwenye komenti za ukurasa wangu.

Kwa bahati nzuri vichwa vyote vina namba. Upo mchoro wa mistari tupu, muhtasari wa vichwa, kila kichwa na namba yake na jina chini, kama zile picha za darasa tunazoandika nyuma kwa kalamu, waliosimama kutoka kushoto. Nikafungua mchoro huo kwenye simu, picha ya rangi kwenye simu ya binamu, noti iko chini ya lenzi, na nikaanza kuhesabu kuanzia kwa yule wa kofia kurudi mbele. Watoto wamekusanyika, Mjomba amevaa miwani yake na ya bibi juu yake.

Ni Robert Morris. Wa Pennsylvania. Na kwenye picha ya rangi kule Washington uso wake ni mweupe kama wa wenzake, tena wa kushiba, ila amekaa sehemu ambayo mwanga haumfikii vizuri, na mchongaji wa noti alipotafsiri kile kivuli kuwa mistari, akamwivisha.

Kimya.

Mjomba akasema, na huyo Hanson je?

Hapa nilijiandaa maana nilikuwa nimesoma usiku. Hanson wako wawili. Wa kwanza ni John Hanson wa Maryland, mzungu, mwaka 1781 alichaguliwa kuongoza baraza lao kwa mwaka mmoja, cheo chake kiliitwa rais ila alikuwa kama mwenyekiti wa kikao, si rais wa kukaa ikulu na kuamrisha jeshi, sa watu wanaopenda maswali ya ujanja wanamwita rais wa kwanza kabla ya Washington. Hakusaini Azimio na kwenye picha ya Trumbull hayumo kabisa, kwenye wale 47 hakuna jina lake. Wa pili ni John Hanson mweusi kweli, alikuwa seneta Liberia, wa Grand Bassa, na picha yake inayozunguka mtandaoni ilipigwa karne ya 19 na Augustus Washington, mpigapicha mweusi aliyetoka Marekani akahamia Liberia. Mtu amechukua cheo cha wa kwanza akakibandika kwenye sura ya wa pili, af akatafuta kichwa chenye giza kwenye noti akamalizia. Na ungeweza kuikamata bila hata kusoma sana, maana yule wa Maryland alikufa 1783 na mambo ya kupiga picha yalitangazwa duniani 1839. Ukiona picha ya kamera ya mtu aliyekufa 1783 jua umeletewa mtu mwingine.

Nilisema yote hayo kwa kasi, nimenyoosha vidole, nafurahia kweli. Mjomba akavua miwani yote miwili, akaniangalia. Akaniuliza, sa mbona unafurahi?

Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia kushinda. Mtu amekaa na noti yake miaka zaidi ya ishirini, amechekwa nayo dirishani, siku moja anaambiwa kwenye karatasi hiyohiyo waliyoikataa kuna mtu anayefanana na wewe, amekaa na wakubwa, mi nimepanda basi kutoka Dar na lenzi kuja kumtoa.

Af akarudi na hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri. Akasema hata huyo mchoraji si alichora tu, umesema mwenyewe kaweka mtoto mahali pa baba, kaweka milango isiyokuwepo, sa unajuaje hakuficha mtu? Nikamwambia Mjomba hapo umepiga penyewe, ila siyo kwa huyu wa kivulini. Nikamsomea habari za Morris.

Robert Morris alizaliwa Liverpool mwaka 1734, akapelekwa Marekani akiwa mdogo, akakua kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Philadelphia. Vita ya uhuru alisaidia kuifadhili, ndo wakamuita mfadhili wa mapinduzi. Siku ya kupiga kura ya uhuru, Julai 2, hakuingia ukumbini, yeye na Dickinson, akaja kusaini baadaye. Utajiri aliuanzia kwenye kampuni aliyoshirikiana na Thomas Willing, ndo yuleyule niliyesema tutarudi kwake, na hiyo kampuni pamoja na biashara zake nyingine iliuza watu. Watumwa. Meli zinaleta Waafrika Philadelphia, wanatangazwa, wanauzwa. Wote wawili, Willing na Morris, mtu na mwenzake, wamekaa kwenye picha moja. Sa huyo ndo tuliyekuwa tunatumiana alfajiri, tuma kwa watu kumi.

Mjomba akasema ee Mungu wangu.

Mama akasema amina, akajishika mdomo.

Nikawaongezea kipande kingine ambacho kilinikaa mimi binafsi, kwamba uzeeni Morris alifilisika kwa kununua mashamba kwa mikopo, akafungwa jela ya wadaiwa kuanzia 1798 mpaka 1801. Yaani mtu aliyefungwa kwa madeni, sura yake imekaa kwenye hela. Shemeji yetu alicheka mpaka akamwaga mbege.

Lakini Mjomba hakuacha, swali lake lilikuwa palepale. Kwa hiyo mtu mweusi hakuwepo kabisa? Mji mzima?

Alikuwepo. Na hii ndo sehemu niliyotamani ningeanza nayo badala ya kuanza na mistari na kijani. Jefferson alipokwenda Philadelphia hakwenda peke yake, alikwenda na kijana wa kumhudumia anaitwa Robert Hemings, Bob, mtumwa wake, amezaliwa 1762, piga hesabu, miaka kumi na minne hivi. Na si mtumwa tu, baba yake Bob alikuwa John Wayles, baba mzazi wa mke wa Jefferson, kwa hiyo kwa upande wa damu huyo mtoto alikuwa shemeji yake kabisa. Jefferson alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofani kwenye nyumba ya fundi ujenzi mmoja, hapo ndo alipoandika rasimu, na Bob ndo wa kumtengenezea nguo na kumhudumia. Ile rasimu yenyewe, ile anayoonekana anaiweka mezani kwenye picha, siku hiyo bado ilikuwa na kipande kinachoilaumu biashara ya utumwa, kinamtupia lawama mfalme wa Uingereza, wabunge wakakifuta kabla ya kupitisha. Kwa hiyo Trumbull bila kupanga amechora karatasi lenye maneno ambayo wenye ukumbi hawakuyataka. Jefferson mwenyewe katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Huyo yuko mbele ya noti, muuza watu yuko nyuma, na Bob alipata karatasi ya uhuru wake 1794, kwenye noti hayupo popote.

Mjomba akachukua noti yake. Akaigeuza Jefferson juu, akaigeuza tena. Akaishika tu.

Ndipo shemeji akaingilia. Shemeji ni Mkenya, wa Taveta, hapo tu ukivuka Holili, kaja na binamu kula sikukuu, na muda wote alikuwa kimya na mbege yake. Akatoa waleti, akaweka noti ya elfu moja ya Kenya juu ya meza, akasema, "Mjomba, nyinyi mnatafuta mtu hayuko, mnasema yuko. Sisi tuko na mtu yuko hapa, na tuliambiwa hayuko."

Kama hukufuatilia hii kesi, ni tamu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 231, inasema noti na sarafu zinaweza kuwa na picha za kuiwakilisha Kenya ila zisiwe na sura ya mtu binafsi. Wakenya walikuwa wamechoka, kila rais akiingia anajichapa, Kenyatta, af Moi, af Kibaki kwenye sarafu ya arobaini, mpaka watu wakaona hela imekuwa albamu ya familia. Sa Juni 1, 2019, sikukuu ya Madaraka, benki kuu ikazindua noti mpya, zote zina jengo la KICC, lile refu la Nairobi, na mbele ya jengo kuna sanamu ya mzee amekaa. Ni sanamu ya Jomo Kenyatta, iliyochongwa na Mwingereza James Butler mwaka 1973. Kila mtu anamjua, mtoto wa chekechea anamjua. Na rais aliyekuwepo madarakani wakati huo ni mtoto wake. Mwanaharakati mmoja wa Kenya, Okiya Omtatah, akakimbilia mahakamani, akasema hii ni sura ya mtu, katiba imevunjwa. Upande wa pili hoja ikawa kwamba kilichoonyeshwa ni KICC kama alama ya taifa, na sanamu ni sehemu ya jengo. Septemba 2019 Mahakama Kuu ikaitupa kesi, siku chache kabla ya Oktoba 1 ambayo ilikuwa mwisho wa matumizi ya zile elfu moja za zamani. Noti zikabaki.

Tukaiweka elfu moja ya Kenya chini ya lenzi. Mzee kakaa pale, mistari na mistari. Shemeji anasema mimi nikipewa hii dukani naona Kenyatta, korti ikiangalia inaona jengo, na wote tunaangalia karatasi moja. Nikasema sanamu ni mtu au ni jiwe? Akasema ni shaba, na shaba yenyewe ina ndevu. Mjomba akataka kujua kama wakimuondoa mzee jengo litaanguka. Hapo tukapoteza saa nzima, watu wanatoa noti mifukoni, buku ya Nyerere, simba wa elfu mbili, msimbazi na tembo wake, mtoto wa kaka akauliza tembo anaitwa nani. Swali zuri kabisa, hakuna aliyemjibu.

Jioni wakati wa kuirudisha noti kwenye Zaburi Mjomba aliniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la yule kijana. Nikaandika Robert Hemings, Bob, miaka 14, Philadelphia, 1776. Akakikunja kikaratasi akakiweka pamoja na noti. Nikajisikia vizuri sana, nakiri, nikarudi Dar nimejaa.

Wiki tatu baadaye, saa kumi na moja na nusu alfajiri, grupu la familia. Picha ileile ya dola mbili, duara jekundu lilelile, kichwa kilekile cha Robert Morris wa kampuni ya kuuza watu. Maneno ndo mapya, na safari hii hayajafowadiwa kutoka popote, yameandikwa na Mjomba mwenyewe kwa herufi kubwa: HUYU SIYO JOHN HANSON KAMA WANAVYODANGANYA. HUYU NI BOB HEMINGS KIJANA WA MIAKA 14 SHEMEJI YAKE JEFFERSON. IMETHIBITISHWA NA MPWA WANGU MTAALAMU WA PICHA DAR. TUMA KWA WATU KUMI.

Mama ameshajibu amina. Shangazi wa Arusha kasema ameituma kwaya nzima. Mi nimeandika jibu mara tatu na nimelifuta mara tatu, na hapo juu ya skrini bado inaonyesha Mjomba anaandika.